Haidroksiyurea au kupandikizwa uloto? Kwa mzazi wa mtoto mwenye sikoseli Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka mingi mzazi wa Mbeya, Iringa au Njombe aliyeambiwa mwanawe ana sikoseli hakuwa na cha kuchagua. Alipewa foliki, dawa ya maumivu, damu ya kuongezewa mtoto akiishiwa, basi. Leo hali imebadilika. Haidroksiyurea imeingia kwenye matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu, na tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikiwapandikiza uloto, yaani ute laini wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye sikoseli hapahapa nchini. Kwa hiyo wazazi wameanza kuuliza swali ambalo zamani halikuwepo: tuendelee na vidonge, au tuuze shamba twende Dodoma?

Nasema msimamo wangu mapema, kisha nieleze sababu. Mtoto aanze haidroksiyurea sasa, bila kusubiri uamuzi mwingine wowote. Wakati anaendelea kuitumia, ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja wapimwe kama wanalingana naye kwa vinasaba, ili mmoja aweze kumchangia uloto. Akipatikana anayelingana, na ugonjwa umeanza kumuumiza mtoto, mazungumzo ya kupandikiza yasisubiri mpaka awe kijana mkubwa. Asipopatikana, vidonge vitumiwe vizuri, na mzazi asijione ameshindwa.

Sababu zote ziko ndani ya mfupa. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Ya mwenye sikoseli hupinda kama mundu, hunata kwenye mishipa midogo na kuvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Mwili hukimbizana kutengeneza nyingine, na zote hutoka kwenye seli shina za damu zilizomo katika uloto. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, wakiwa Toronto, waliwadunga uloto panya waliokuwa wameunguzwa uloto wao kwa mionzi. Kwenye bandama za panya hao vikaota vinundu, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja iliyojizalisha na kutoa damu ya aina zaidi ya moja. Tiba zote mbili tunazolinganisha zinasimama juu ya ugunduzi huo.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba seli shina hizohizo ndizo huzaa mfumo wa kinga. Chembe nyeupe zinazokamata bakteria, zinazotengeneza kingamwili, zinazokumbuka chanjo ya surua aliyochomwa mtoto akiwa na miezi tisa, zote asili yake ni uloto. Baadhi huhama zikiwa changa na kwenda kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, kufundwa kutambua kipi ni cha mwili na kipi ni mgeni. Umuhimu wa tezi hiyo ulionyeshwa na Jacques Miller mwaka uleule wa 1961, jijini London; kabla yake ilidhaniwa haina kazi. Kwa hiyo anayegusa kiwanda cha damu anagusa na kinga. Haidroksiyurea inakigusa kidogo na kukiacha mahali pake. Upandikizaji unaking'oa chote na kuweka kingine. Mkulima wa parachichi wa Rungwe anaijua tofauti ya kupulizia dawa mti alionao na kuung'oa apande mwingine: wa pili unaweza kumaliza tatizo, lakini kuna misimu ya kusubiri, na mche unaweza kukataa.

Vidonge vinafanya nini

Mtoto mwenye sikoseli haumwi anapozaliwa. Hemoglobini ni kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni ndani ya chembe za damu. Miezi ya mwanzo damu yake bado imejaa hemoglobini ya kichanga, ile aliyotumia tumboni, nayo haipindi. Daktari Janet Watson wa Brooklyn aliliona hilo mwaka 1948 alipotazama damu ya vichanga. Kadiri hemoglobini hiyo inavyopungua na ya ukubwani kushika nafasi, ndipo vidole vinavimba, mtoto analia usiku, macho yanakuwa ya njano. Haidroksiyurea huirudisha hemoglobini ya kichanga kwa kiasi. Ni kidonge cha kila siku, na kinaweza kuanza mtoto akiwa na miezi tisa.

Je, kinafanya kazi kwa watoto wetu, wenye malaria na lishe yetu? Hilo lilikuwa swali halali, kwa sababu utafiti wa mwanzo ulifanyika Marekani. Lilijibiwa na utafiti wa REACH, uliohusisha watoto wapatao 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Ukichukua watoto 100 kwa mwaka mmoja, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria, ambayo ilihofiwa ingepanda, ilishuka kwa nusu, kutoka 47 hadi 23. Vifo vilitoka 3.6 hadi 1.1. Mimi nikisoma takwimu hizo naona watoto wa Kyela na wa mashamba ya mpunga ya Mbarali, ambako mbu wapo mwaka mzima, na sioni sababu ya mtoto wa huko kuendelea kupewa foliki peke yake.

Kidonge kina masharti yake. Dozi hupimwa kwa uzito, na mtoto hukua. Aliyeanzishwa akiwa na kilo 12 akabaki na dozi ileile mpaka kilo 20 yuko chini ya dawa anayohitaji, na mzazi atasema dawa haifanyi kazi. Kila kliniki, mtoto apande mzani na muulize kama dozi inabadilika. Damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikishuka sana dawa husimamishwa kwa muda, kisha hurudiwa kwa kiwango kidogo. Mama mjamzito asifungue vidonge hivyo kwa mikono mitupu. Msichana akifikia umri wa kuolewa, na mvulana akifikia umri wa kutaka watoto, wazungumze na daktari mapema, kwani dawa haitakiwi wakati wa mimba na inaweza kupunguza mbegu za kiume.

Na haiponyi. Ukiiacha, hemoglobini ya kichanga inashuka tena.

Kupandikizwa

Hapa lazima nikae kidogo, kwa kuwa neno "kupona" limewasimamisha wazazi wengi na kuwafanya wasisikie yanayofuata.

Mwaka 1984, huko Memphis, Marekani, iliripotiwa habari ya mtoto wa kike mwenye saratani ya damu aliyepandikizwa uloto wa ndugu yake. Alikuwa na sikoseli pia, na vyote viwili vikaondoka. Tangu hapo njia ikafunguka. Ulipokusanywa uzoefu wa wagonjwa 1,000 wa sikoseli waliopandikizwa kutoka kwa ndugu anayelingana kati ya 1986 na 2013, asilimia 93 hivi walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopandikizwa chini ya umri wa miaka 16 walikuwa asilimia 95. Wenye miaka 16 na zaidi, 81. Pengo hilo la umri ndilo linalonifanya nisisitize kutochelewa. Mtoto mdogo ana viungo ambavyo havijachoshwa na ugonjwa, na tezi yake ya thaimasi bado ni kubwa na ina nguvu ya kufunda chembe mpya. Tezi hiyo husinyaa kadiri mtu anavyokua.

Mambo huenda hivi. Kwanza mtoto hupewa dawa kali za tibakemikali, pamoja na dawa za kutuliza kinga, ili kiwanda cha zamani kiondoke na kinga yake isiwakatae wageni. Kisha uloto wa ndugu, uliovutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, huingizwa kwa mpira wa dripu kama damu ya kawaida. Hakuna upasuaji wa kufungua mifupa, na anayechangia havunjiki wala kubaki na upungufu: uloto wake hujirudisha baada ya wiki chache. Seli shina zikishaingia kwenye damu hujitafutia zenyewe njia ya kwenda ndani ya mifupa.

Kisha kusubiri. Chembe nyeupe za mstari wa mbele hurejea baada ya wiki mbili hadi nne. Lakini zile za kumbukumbu, zinazopitia thaimasi na zinazotengeneza kingamwili, huchukua miezi mingi, mara nyingine mwaka hadi miwili kukomaa. Kwa kipindi hicho kinga ya mtoto wa miaka minane ni kama ya kichanga. Chanjo alizochomwa kliniki ya kijijini hupotea kwa sehemu kubwa na itabidi zirudiwe moja baada ya nyingine kwa ratiba ya daktari. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko yote, na familia inatakiwa iishi karibu na hospitali. Kutoka Iringa hadi Dodoma kwa njia ya Mtera ni kilometa 260 hivi. Kwa mzazi wa Tukuyu au Ileje safari ni ndefu zaidi ya mara mbili. Anayefikiria gharama aweke na hizi: chumba Dodoma, mzazi mmoja kutolima msimu mzima, watoto wengine waliobaki nyumbani. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndipo pa kuanzia kuuliza, kabla ya kuuza kitu chochote.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuharibika. La kwanza, uloto mpya kukataliwa, na sikoseli kurudi. La pili ni kinyume chake: kinga iliyohamia kwenye mwili wa mtoto huona ngozi, ini na matumbo yake kuwa vya mgeni na kuvishambulia. Kwa wengine hili hupita kwa dawa. Kwa wachache hudumu miaka na kuwa ugonjwa mwingine badala ya ule wa kwanza. Ndiyo maana kulinganishwa kwa vinasaba vya utambulisho, vinavyoitwa HLA, kunashikiliwa sana. Na ndiyo maana kwa sikoseli madaktari hupendelea uloto wenyewe kuliko seli shina zinazokusanywa kutoka kwenye damu ya mishipani: damu hiyo hubeba chembe nyingi zaidi za ile kinga yenye kushambulia. Damu ya kitovu, iliyotumika kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1988, ina chembe changa zisizo na ukali huo, lakini huwa kidogo na kinga huchelewa kurudi.

Tibakemikali inaweza pia kuondoa uwezo wa kuzaa. Hilo lisemwe wazi kwenye chumba cha daktari, wazazi wote wawili wakiwepo, kwa kuwa kwetu ni jambo zito na likifichwa hurudi kuvunja nyumba.

Nani anaweza kuchangia

Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana na mgonjwa kwa HLA. Anatakiwa pia asiwe na sikoseli mwenyewe. Kama wazazi wote wawili ni wabebaji, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha sikoseli na haumwi, nafasi ya hilo ni asilimia 75. Vinasaba vya HLA viko kwenye kromosomu ya 6 na cha hemoglobini kiko kwenye ya 11, kwa hiyo kurithi kimoja hakuvuti kingine. Zidisha: kila ndugu ana nafasi ya asilimia 19 hivi ya kufaa. Mwenye ndugu wanne ana nafasi ya asilimia 56 ya kumpata angalau mmoja. Nyumba zetu zenye watoto wengi, ambazo mara nyingi husemwa kwa ubaya, hapa zina faida. Ndugu mbebaji naye anafaa kabisa.

Watoto wa baba mmoja na mama tofauti, hata waliolelewa sahani moja, ni vigumu sana kulingana kikamilifu. Mama na baba hulingana nusu. Upandikizaji wa nusu upo duniani na unaendelea kuboreshwa, lakini hatari ya kukataliwa ni kubwa zaidi, na singemshauri mzazi aifanye hiyo kuwa njia ya kwanza.

Kuna jambo dogo lenye uzito ambalo ningependa kila wodi ilitangaze. Mtoto anapohitaji damu, ndugu wa karibu ndio hukimbilia kutoa. Kuchangia benki ya damu ni jema, na Kituo cha Damu Salama cha kanda yetu kipo Mbeya. Ila damu ya ndugu anayeweza baadaye kuwa mchangiaji wa uloto isiingizwe moja kwa moja kwa mtoto huyo. Mwili wake unaweza kujifunza kumchukia huyo ndugu, na siku ya uloto ukamkataa. Mweleze mhudumu tangu mwanzo kwamba mna mpango huo. Kwa sababu hiyohiyo haidroksiyurea inatayarisha njia ya upandikizaji: mtoto asiyeongezewa damu mara kwa mara hufika huko akiwa na mwili usiojazwa chuma na kinga isiyojaa chuki.

Njia ya tatu, na isiyo njia

Mwaka 2008 maabara ya Stuart Orkin huko Boston, akiwemo Vijay Sankaran, ilionyesha kwamba kinasaba kiitwacho BCL11A ndicho huzima hemoglobini ya kichanga. Kutoka hapo ikaja tiba ya kuhariri vinasaba: seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, swichi hiyo huharibiwa ndani yake, kisha hurudishwa. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Hakuna mchangiaji, kwa hiyo hakuna kushambuliwa na kinga ya mwingine. Tibakemikali ipo palepale. Bei Marekani ni dola milioni 2.2. Naifurahia sana kama sayansi, na naamini siku moja itashuka hadi kwetu, lakini mzazi wa leo asiahirishe vidonge akiisubiri.

Vidonge vinavyotembezwa mitaani kwa jina la seli shina si tiba ya sikoseli. Seli hai haikai ndani ya kidonge kikavu, na ingekaa ingesagwa tumboni kama nyama yoyote. Fedha ya boksi moja itafaa zaidi kwa nauli ya kliniki.

Mkoani Njombe, ambako maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, watu wamesikia kwamba kupandikizwa uloto kunaponya na VVU. Ni kweli ilitokea kwa Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, na mchangiaji wake alikuwa na badiliko adimu la kinasaba cha CCR5, linalozuia VVU kuingia kwenye seli. Badiliko hilo karibu halipo kwa Waafrika, na hatari ya upandikizaji ni kubwa mno kuliko kidonge cha kila siku cha ARV. Mwenye VVU abaki na dawa zake.

Basi nani achague nini

Mtoto wa miaka mitatu wa Makambako, ameumwa mara mbili au tatu, ndugu zake hawajapimwa: haidroksiyurea, penisilini ya kinga mara mbili kwa siku mpaka afikishe miaka mitano, kwa kuwa bandama yake inaharibika mapema na ndiyo iliyokuwa ikimlinda na nimonia, na chanjo zote. Juni na Julai, baridi ya Njombe na Makete inaposhuka, avae soksi na sweta hata ndani, anywe maji ya kutosha. Baridi ni kati ya vitu vinavyoamsha maumivu. Ndugu wapimwe bila haraka ya kuuza kitu.

Mtoto wa miaka saba aliyepata kiharusi, au ambaye kipimo cha mishipa ya kichwa kimeonyesha damu inakwenda kasi ya hatari, na ana dada anayelingana: hapa naegemea Dodoma, na mapema. Kiharusi cha pili huchukua vitu ambavyo uloto mpya haurudishi.

Mtoto anayetumia vidonge vizuri, anasoma, hajalazwa muda mrefu, na ana ndugu anayelingana: huu ndio uamuzi mgumu, na wazazi wenye akili timamu huamua tofauti. Wengine husema wamvushe angali mdogo. Wengine hawataki kumwingiza mtoto anayecheza kwenye hatari ya vifo vitano katika mia. Ningekaa na daktari wa damu, nimwulize uzoefu wa kituo chake mwenyewe, maana takwimu za dunia si za wodi moja, kisha ningemsikiliza mtoto kama amefikia umri wa kuelewa.

Kijana wa miaka 18 asiye na anayelingana: vidonge, dozi iliyofika kiwango chake, kipimo cha damu, kipimo cha figo na macho. Na aliyepandikizwa akapona, siku akitaka kuoa au kuolewa, mwenzake apimwe. Damu yake sasa ni ya ndugu yake, lakini mayai au mbegu zake hazikubadilishwa, na kila mtoto atakayemzaa atarithi kutoka kwake kinasaba kimoja cha sikoseli.